Jina la Bunduki ya Upepo Husafishwa kwa Adabu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake. Amma baad.

Katika michezo iliyopatwa na jina baya duniani ni huu mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo. Bunduki hii haina baruti ndani yake. Risasi yake ndogo husukumwa na hewa iliyobanwa, ama kwa springi, ama kwa pampu, ama kwa chupa ya hewa iliyofungwa chini ya mtutu. Wenye kuipenda husema kuwa ni mchezo wa utulivu na ufundi, nao humfunza kijana subira. Lakini majirani zao wakiiona hukumbuka kioo cha dirisha kilichovunjika, na paka aliyerudi nyumbani akichechemea, na njiwa aliyeanguka uani. Basi wapenzi wa mchezo huu hulalamika kuwa wanadhulumiwa kwa makosa ya wachache, na huuliza: Tufanye nini ili watu watuone kwa jicho jema?

Suali hili si dogo, wala si la wageni peke yao. Mzazi wa Kiislamu ambaye mwanawe amemwomba ruhusa ya kujifunza shabaha yampasa ajue atamjibu nini. Akikataza bila ya ilimu, huenda amekataza jambo lenye asili tukufu katika dini yetu. Na akiruhusu bila ya sharti, huenda amemtia mwanawe mkononi chombo cha kumpofua mtoto wa jirani. Kwa hivyo twaona ni vyema tuifungue tarikhi tuitazame, kwani jambo hili si jipya kama watu wanavyodhani. Limekwisha kutokea zamani, Madina, Baghdad na Istanbul, na majibu yake yamo humo.

Asili ya neno "bunduki"

Neno letu hili "bunduki" asili yake ni Kiarabu. "Bunduq" ni tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu. Kisha Waarabu wakakiita kwa jina hilo kidonge cha udongo kilichofinyangwa na kukaushwa, cha ukubwa kama wa tunda lile, ambacho hurushwa kwa uta uliotengenezwa makusudi kwa kupigia ndege. Baruti ilipokuja na silaha za moto zikaenea, jina la kidonge likahamia kwenye silaha inayorusha kidonge cha risasi, na kutoka hapo likatufikia sisi watu wa pwani. Basi babu wa bunduki kwa jina ni ule uta wa vidonge. Na ukiitazama bunduki ya upepo utaona kuwa inafanana sana na babu yake, kwa kuwa nayo hurusha kidonge kidogo bila ya moto, na aghalabu ya walioitumia vibaya waliitumia kupigia ndege.

Sasa sikilizeni khabari ya uta ule. Imam Tabari amepokea katika tarikhi yake kwamba munkari wa kwanza kudhihiri Madina, dunia ilipowafungukia watu na mali yakawa mengi, ulikuwa mambo mawili: kurusha njiwa, na kupiga kwa nyuta za vidonge. Hayo yalikuwa katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.), ulioanza mwaka 23 wa Hijra (644) na ukamalizika mwaka 35 (656). Katika mwaka wa 8 wa ukhalifa wake, Sayyidna Uthman akamweka mtu wa ukoo wa Bani Layth aliangalie jambo hilo. Mtu huyo akawakata njiwa mbawa, na zile nyuta akazivunja.

Tizameni ajabu hii! Madina ni mji wa Mtume, na watu wake ni watoto na wajukuu wa wapiga mishale wa Badr na Uhud. Ilikuwaje mji huo huo, ulioheshimu mshale, ukavunja nyuta za vidonge? Jawabu ya suali hili ndiyo msingi wa maneno yetu yote.

Mshale uliosifiwa na kijiwe kilichokatazwa

Mtume wetu (S.A.W.) aliusifu ulengaji kwa sifa kubwa. Katika Sahihi Muslim, Uqba bin Amir (R.A.) amepokea kuwa alimsikia Mtume juu ya mimbari akiifasiri ile aya ya Suratul Anfal (aya ya 60) inayotuamrisha kujiandalia nguvu, naye akaeleza mara tatu kwamba nguvu hiyo ni kulenga. Na katika Sahihi Bukhari, Salama bin al-Akwaa (R.A.) amesimulia kwamba Mtume aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawahimiza, akawakumbusha kuwa baba yao Nabii Ismail alikuwa mlengaji, akasema kuwa yeye yuko upande wa kundi moja. Hapo kundi la pili wakasita. Alipowauliza sababu wakamwambia, vipi tutashindana na upande ambao wewe uko nao? Akawaambia waendelee, kwani yuko pamoja nao wote. Hivyo ndivyo mchezo ulivyokuwa mbele ya Mtume, una furaha na kupendana, wala hapakuwa na aliyeondoka hapo na kinyongo.

Lakini Mtume huyo huyo amekataza jambo jengine lililo karibu sana na hilo. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abdullahi bin Mughaffal (R.A.) kwamba alimwona mtu akirusha vijiwe kwa kuvifyatua baina ya vidole vyake. Akamkanya, akamwambia kuwa Mtume amekataza kufyatua vijiwe namna ile, kwa sababu hakuuwi windo wala hakumuumizi adui, lakini huvunja jino na hupofua jicho. Baadaye akamwona mtu yule yule akirudia, akaapa kwamba hatasema naye tena.

Zingatieni, ndugu zangu, jinsi hukumu ilivyopambanuliwa. Mshale na kijiwe vyote viwili hurushwa, na vyote viwili hutaka jicho na mkono. Mshale umesifiwa kwa kuwa una makusudio, na mafunzo, na mahali pake. Kijiwe kimekatazwa kwa kuwa hakina faida, na madhara yake humwangukia asiyekuwa na habari. Hapa ndipo tunapopata mizani ya bunduki ya upepo. Ikitumiwa kama mshale, yaani kwa mafunzo, mbele ya shabaha maalumu, mahali palipohifadhiwa, imeingia katika sifa za ulengaji. Ikitumiwa kama kijiwe, yaani kufyatuliwa ovyo vichochoroni na juu ya madari, imeingia katika makatazo, kwa illa ile ile aliyoitaja Mtume, nayo ni jicho.

Na katika mambo ambayo Mtume alikuwa mkali juu yake ni kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Ibn Umar (R.A.) aliwapitia vijana wa Kikureshi wamemsimamisha ndege wanamlenga, nao wamepatana na mwenye ndege kuwa kila mshale utakaokosa utakuwa wake. Walipomwona wakatawanyika. Akauliza ni nani aliyefanya hivi, akawajulisha kuwa Mtume amemlaani mwenye kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Vijana wale walikuwa wa nasaba tukufu, na ulengaji wenyewe ni jambo jema, lakini nasaba haikuwakinga wala wema wa mchezo haukuwakinga. Wangalikuwa na udhuru wasingalikimbia.

Mlango wa shabaha katika fikihi yetu

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafii (R.A.), aliyezaliwa mwaka 150 wa Hijra (767) na kufariki mwaka 204 (820). Huenda wengi hawajui kuwa Imam wetu alikuwa mlengaji hodari. Imepokewa kwamba alieleza kuwa hima yake katika ujana ilikuwa katika mambo mawili, kulenga na kutafuta ilimu, na kwamba katika kulenga alifika daraja ya kupata kumi katika kumi. Kuhusu ilimu akanyamaza. Aliyekuwa akimsikiliza akamwambia kuwa wallahi katika ilimu wewe ni mkubwa zaidi kuliko katika kulenga. Na wanavyuoni wa madhehebu wamesema kuwa yeye ndiye wa kwanza kuutungia mashindano ya kupanda farasi na kulenga mlango maalumu katika fikihi.

Mlango huo si wa kupita mbio. Ndani yake mna masharti ya kuainisha masafa, na ukubwa wa shabaha, na idadi ya kulenga, na zamu ya kuanza, na namna ya kujua aliyepata na aliyekosa. Pia mna kanuni ya zawadi. Akiitoa mtu wa nje, au mmoja wa washindani peke yake, imejuzu. Ama wakiweka wote wawili, kila mmoja fungu lake, na aliyeshinda achukue yote, bila ya kuingia mshindani wa tatu asiyeweka kitu, hiyo ni kamari. Na Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, 1277) katika Minhaj yake, kitabu kinachosomwa sana huku kwetu, amesahihisha kuwekeana zawadi katika mishale na katika kila kinachofaa vitani, lakini bunduq, yaani vidonge vile, akavitoa, akavitia katika fungu moja na mchezo wa sataranji na kushindana kuogelea. Maana yake ni kuwa mafakihi walikitazama kila chombo kwa manufaa yake, wala hawakudanganywa na kufanana kwa sura.

Tena kuna mas-ala ya windo. Adi bin Hatim (R.A.) alimuuliza Mtume juu ya fimbo ya kuwindia, akajibiwa kuwa kilichochomwa kwa ncha yake huliwa, na kilichopigwa kwa ubapa wake hakiliwi, kwani hicho ni kilichokufa kwa kipigo. Ibn Umar akasema kuhusu ndege aliyeuliwa kwa kidonge kuwa naye ni kama huyo. Basi katika madhehebu yetu njiwa aliyeangushwa kwa kidonge, akafa kabla ya kuwahiwa kuchinjwa, ni nyamafu. Vijana wangapi wamekula nyamafu huku wakijisifu kwa shabaha zao!

Khalifa aliyejaribu kuupandisha mchezo cheo

Baada ya Madina kuzivunja nyuta za vidonge, zilirudi. Mchezo haufi kwa kuvunjwa chombo chake. Zikaenea Iraq na Sham, na karne tano baadaye zikampata mpenzi mkubwa kuliko wote, naye ni Khalifa wa Baghdad, al-Nasir li-Dinillah, aliyetawala toka mwaka 575 hadi 622 wa Hijra (1180–1225). Khalifa huyu aliupenda mchezo wa bunduq, akataka kuupa heshima. Akajifanya yeye mwenyewe kuwa mkuu wa wachezaji wote, akaamrisha asirushe mtu kidonge ila aliyejinasibisha naye. Watu wa Iraq na kwengineko wakafuata, na jambo lililokuwa la wahuni wa mitaani likawa la masultani na maamiri, lina daraja zake na ndege wake maalumu waliohesabiwa.

Je, jina la mchezo lilisafika? Mwanatarikhi Ibn al-Athir, aliyeishi zama hizo hizo na akafariki mwaka 630 (1233), alipoandika juu ya kifo cha Khalifa huyu hakumsifu kwa hilo. Alimlaumu kuwa alikuwa dhalimu kwa raia zake, na kwamba hima yake kubwa ilikuwa katika vidonge, na njiwa wa kupeleka barua, na mavazi ya vyama vya vijana. Na amesimulia kisa cha mtu mmoja wa Baghdad aliyekataa kujinasibisha na Khalifa katika mchezo huo. Mtu huyo akakimbilia Sham. Khalifa akampelekea ahadi ya mali mengi ili akubali, akakataa. Wenzake walipomlaumu akawajibu kuwa fahari yamtosha kwamba dunia nzima hapana asiyemrushia Khalifa kidonge ila yeye.

Katika kisa hiki mna mazingatio kwa wale wanaodhani kuwa jina jema hupatikana kwa kumweka mkubwa mbele, au kwa matangazo na sherehe. Khalifa alikuwa na dola na hazina na majeshi, akashindwa kuwanyamazisha wanaosema kweli. Cheo cha mchezaji hakiupi mchezo heshima, maadamu wenyewe haujabadilika.

Wapiga mishale wa Istanbul

Njia nyengine ilishikwa na Waturuki. Sultan Muhammad al-Fatih alipoufungua mji wa Istanbul mwaka 1453, alitenga uwanja mkubwa nje ya kuta za mji kwa ajili ya mishale. Uwanja huo ukaitwa Okmeydanı, yaani Uwanja wa Mshale, na mtaa wa mahali hapo wabeba jina hilo mpaka leo. Wapiga mishale wakawa na zawiya yao, na mashekhe wao, na ijaza yao. Mwanafunzi hakuitwa mpiga mishale mpaka afunzwe na mwalimu, kisha aupeleke mshale wake masafa ya gezi 900, ambayo ni karibu ya mita 600, mbele ya mashahidi. Hapo ndipo alipokabidhiwa uta kwa dua, mbele ya wakubwa wake. Mshale ulioshinda masafa yote ya kabla yake ulijengewa nguzo ya jiwe, na baadhi ya nguzo hizo zingalipo.

Watu wa Istanbul hawakuwaogopa wapiga mishale wao. Kwa nini waogope? Mishale yote ilikwenda upande mmoja, katika uwanja mmoja, mikononi mwa watu waliojulikana walimu wao. Ukimkuta mtu na uta ulijua kuwa ana shekhe wa kuulizwa juu yake. Heshima haikuombwa kwa watu. Ilikuja yenyewe, kama kivuli kinavyomfuata mwenye kivuli.

Bunduki ya upepo yazaliwa Ulaya

Sasa na tuje kwenye bunduki ya upepo yenyewe. Ulaya iliijua kwa karne kadhaa kama chombo cha wakubwa cha kuwindia. Kisha karibu ya mwaka 1780 jeshi la Austria likaanza kutumia bunduki ya upepo aliyoibuni fundi Bartolomeo Girardoni, iliyobeba risasi 20 hivi kwa pamoja, na ambayo chupa yake ya hewa ilijazwa kwa pampu mara elfu na zaidi. Basi asiyeijua asiidharau akadhani kuwa ni kitu cha kuchezea watoto. Iliingia vitani kabla ya kuingia viwanja vya michezo.

Mwaka 1803 nahodha Meriwether Lewis wa Marekani alianza safari yake mashuhuri ya kuvuka bara lile, naye alichukua bunduki ya upepo. Mwanzoni kabisa mwa safari, mwisho wa mwezi wa Agosti, alisimama karibu ya mji wa Pittsburgh kuwaonyesha watu ufundi wake. Akalenga mara kadhaa, kisha akampa bunduki mtu asiyeijua. Ikafyatuka, na risasi ikamkwaruza kipajini mwanamke mmoja aliyekuwa hatua 40 hivi kutoka hapo, akaanguka, damu ikamchuruzika. Walidhani amekufa, lakini aliinuka. Mtume wetu alitukataza kukabidhiana upanga ukiwa wazi nje ya ala yake, miaka elfu moja na mia na zaidi kabla ya siku hiyo. Lau wangalikuwa na adabu hii tu, mwanamke yule asingaliguswa.

Kisha ikaja biashara. Katika miaka ya 1880, katika mji mdogo wa Plymouth, jimbo la Michigan, palikuwa na kiwanda cha vinu vya upepo vya kuvutia maji. Kiwanda kikaanza kuwapa wakulima wanunuzi bunduki ndogo ya upepo ya chuma kama bakshishi. Bunduki ikapendwa kuliko vinu, na mwaka 1895 kiwanda kikaacha jina lake la vinu kikajiita Daisy, jina la bunduki yenyewe. Toka hapo ikauzwa kwa watoto wa kiume kwa mamilioni, ikatangazwa katika magazeti yao ya picha kama mwanasesere. Na Uingereza nako watu wazima wakashindana kuigonga kengele kwa kupitisha risasi katika tundu dogo, na mashindano hayo yaliota mizizi katika vilabu vya pombe.

Hapa ndipo jina lilipoharibika. Chombo kilichozaliwa kuwa silaha kilifunuliwa adabu yake kikavishwa nguo ya mchezo wa watoto. Madirisha yakavunjika, ndege wakafa bure, na macho yakatoboka. Khofu ya mama wa Kimarekani juu ya jicho la mwanawe ikawa mashuhuri hata ikatiwa katika sinema moja ya mwaka 1983, watu wakaicheka. Lakini jicho ndilo lile lile alilolitaja Mtume (S.A.W.) alipokataza vijiwe, wala mwenye kulipoteza hacheki.

Katika mji wa Glasgow, nchi ya Scotland, mwezi wa Machi mwaka 2005, mtoto wa miaka 2 alipigwa kichwani kwa risasi ya bunduki ya upepo akafa. Aliyefyatua alihukumiwa kifungo cha maisha. Wazee wa mtoto na watu wengine wakadai sheria kwa miaka mingi, mpaka bunge la Scotland likaipitisha mwaka 2015, na toka tarehe 31 Desemba 2016 haijuzu mtu kumiliki bunduki ya upepo huko bila ya leseni. Wapenzi wa mchezo walinung'unika kuwa wasiokosa wameadhibiwa pamoja na mkosa. Lakini na wajiulize: watu waliokuwa wakifyatua ovyo vichochoroni siku zote hizo, nani katika wapenzi wa mchezo aliyewakanya, kama Abdullahi bin Mughaffal alivyomkanya mwenzake na akaacha kusema naye? Kundi lisilokanyana hukanywa na serikali.

Mita 10 za adabu

Pamoja na hayo kuna upande wa pili, na insafu yatutaka tuutaje. Ulaya, na khasa Ujerumani baada ya vita vikuu vya pili, palikua mchezo wa bunduki ya upepo wenye nidhamu kali. Mwaka 1966, katika mji wa Wiesbaden, bunduki ya upepo ya mita 10 iliingia katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1984 ikaingia Olimpiki ya Los Angeles, na bastola ya upepo ikafuata Seoul mwaka 1988. Mlengaji wa bunduki husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, na risasi yake ina upana wa milimita 4.5. Kitovu cha shabaha, chenye alama kumi, ni nukta ya nusu milimita. Naye hulenga mara 60 kwa muda wa saa moja na robo.

Katika viwanja hivyo hafyatui mtu mpaka atoke amri, na ikitoka amri ya kusimama wote husimama. Bunduki isiyokuwa kazini hutiwa ndani ya mtutu kijiti cha rangi kali, ili kila mwenye macho ajue kuwa haina kitu. Sisi tukilisikia hili hatustaajabu. Abu Musa (R.A.) amepokea kuwa Mtume aliamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Kijiti kile na mkono ule juu ya ncha ni jambo moja: mwenye silaha ndiye mwenye jukumu la kuwaonyesha watu kuwa wako salama, wala si watu wamdhanie vyema.

Waislamu wamo katika mchezo huu, wanaume na wanawake. Bahiya al-Hamad, binti wa Kiqatari na mlengaji wa bunduki ya upepo, ndiye aliyeibeba bendera ya nchi yake London mwaka 2012. Na mwaka 2024 huko Paris, Mturuki Yusuf Dikeç, askari mstaafu wa miaka 51, pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan, walipata medali ya fedha kwa bastola ya upepo, ikawa ndiyo medali ya kwanza ya Uturuki katika shabaha za Olimpiki. Picha yake ikaenea dunia nzima kwa siku chache: mtu amesimama kwa miwani yake ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, uso umetulia. Watu wasiojua lolote katika shabaha wakampenda. Hawakupenda bastola. Walichokipenda ni utulivu. Picha moja ya mtu aliyejimiliki nafsi yake iliufaa mchezo kuliko matangazo ya Khalifa wa Baghdad.

Nasaha kwetu

Ndugu Waislamu, huku kwetu watoto wengi hawana bunduki ya upepo, lakini wana manati, na hukumu ya manati ni ile ile. Mtoto anayewapiga shomoro juu ya mwembe bila ya haja, na mzazi wake amekaa barazani anatazama, na azikumbuke ile hadithi ya Ibn Umar na ile aliyoipokea Imam Nasai, kwamba mwenye kumuua shomoro bila ya haki yake ataulizwa na Mwenyezi Mungu juu yake. Na haki yake ni amchinje amle, wala si kumuua kisha akamtupa. Hata mnyama ambaye sheria imeruhusu auawe, tumeamrishwa tumuue kwa wema, tusimwadhibu.

Ama mwenye kutaka mchezo wa bunduki ya upepo, twamwambia hivi. Kwanza, aende polisi aulize sheria ya nchi yake kabla ya kununua, kwani kumtii mwenye amri katika jambo jema ni wajibu, na kutojua hakumwokoi mtu. Pili, awe na mwalimu anayejulikana, na uwanja wenye ukuta au tuta nyuma ya shabaha. Tatu, asimwelekeze mtu mtutu hata kwa mzaha, hata kama haina kitu. Muslim amepokea kuwa malaika humlaani mwenye kumwelekezea ndugu yake chuma, hata akiwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na katika riwaya nyengine imeelezwa sababu, kwamba mtu hajui, huenda shetani akauvuta mkono wake. Nne, shabaha yake iwe karatasi au bati, isiwe chenye roho. Tano, wasiwekeane fedha. Sita, wakati wa Sala ukiingia, bunduki iwekwe chini. Na saba, nayo ndiyo kubwa, akimwona mwenzake anacheza ovyo amkanye waziwazi, na asiposikia amtoe katika kundi.

Mzazi akiyapata haya yote, hana sababu ya kumnyima mwanawe jambo alilolisifu Mtume. Akikosa hata moja katika hayo, basi na afanye kama alivyofanya Sayyidna Uthman, na uta uvunjwe. Sayyidna Uthman hakuuvunja kwa kuchukia ulengaji. Aliuvunja kwa kuwa ulikwisha kutoka katika njia yake.

Na wale wanaouliza, tufanye nini watu watuone kwa jicho jema, jawabu yao ni fupi: yalindeni macho ya watu, nayo yatakuoneni vyema. Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika mambo anayoyaridhia, awahifadhi watoto wetu na viungo vyao, na atujaalie tuwe katika watu ambao majirani wamesalimika na mikono yao na ndimi zao. Amin.